Pini za Bi Tatu

"Sumaku hii haiponyi peke yake," nesi alisema, akitandika kwenye kitanda cha kliniki mkeka wa mashine wenye sumaku. "Inasaidia tu mifupa iliyodhoofika. Dawa aendelee nazo, na ale vizuri."

"Kwangu mama hakosi kitu," Mwanahawa alijibu haraka.

"Haya, avue kila kitu cha chuma."

Bi Tatu alivua pete, akavua na herini. Kisha akajishika kiuno kwa mikono miwili, akamtazama binti yake.

"Mwanangu, hebu kaa nje kidogo."

"Mama nawe! Kwani mimi mgeni?" Mwanahawa akamfungua kanga yeye mwenyewe.

Ndani mlikuwa na gaguro, sketi ya ndani, lililochakaa, limekunjwa kiunoni na kushikizwa kwa pini mbele, nyuma na ubavuni, lisimdondoke. Bi Tatu alikuwa amekonda kiasi hicho. Nesi akainamia vitufe vya mashine kana kwamba vina kazi nyingi.

Mwanahawa alizitoa pini moja moja, uso chini. Kila asubuhi alimwamkia mama huyu yeye mwenyewe akiwa tayari mlangoni kutoka, funguo mkononi.

Mashine ikaanza kuvuma.

"Haiumi," Bi Tatu alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Mkono mmoja ulikuwa umeshikilia gaguro. "Usizitupe hizo pini, mwanangu. Nitatokaje humu?"

Mwanahawa alikuwa amezifumbata kiganjani. Moja haikuwa imefungwa, na ncha yake ilikuwa imeshazama nyamani. Hakuilegeza ngumi.