Mapango ya Ng'ambo

Tangu Pimbi anunue mapango ng'ambo ya mto na kuyapangisha, jirani yake Nyegere hakujua usingizi. Kila mpangaji aliyeleta kodi ya asali alimchoma roho. "Pimbi, kiumbe asiye hata na mkia!" alinung'unika, akaapa kununua yake.

"Mimi nililala huko masika yote kabla ya kununua," Pimbi alimwonya.

"Husuda hiyo! Hutaki nami nipate!"

Nyegere akamwachia dalali Kunguru auze shimo lake alimozaliwa, akanunua mapango mawili bila kuyaona. Masika yalipoingia, mapango yakajaa maji. Waliohamia ni vyura, na chura halipi kodi.

Nyegere akarudi kwa Kunguru kutafuta pa kupanga. Akapelekwa kwenye shimo lake lile lile. Mlangoni kasimama Pimbi.

"Karibu, jirani. Hili sikuhitaji kulijaribu. Nimekuona ukilala humu mkavu kila masika."