Chakula cha Msibani

Nguchiro wa kichuguu kimoja walikuwa na desturi yao: kila asubuhi mmoja hubaki kulinda watoto, wengine huenda kuwinda panzi. Mama Sengo hakuwahi kukwepa zamu yake. Lakini mwanawe Sengo alikuwa kiziwi, na zamu zilipowafikia wengine walikataa kubaki naye.

"Nikipiga mlio wa hatari hatasikia," alisema Bi Tindo, mkubwa wao. "Akichukuliwa na mwewe, utanilaumu mimi."

"Mguse tu mgongoni, Bi Tindo. Akiguswa huingia shimoni."

"Pole, mwanangu. Mungu hampi mja mzigo asiouweza."

Basi Mama Sengo akawa habanduki nyumbani. Panzi mmoja mmoja aliyepita mlangoni alimpa mtoto. Alipoomba tena aliambiwa pole. Alipokonda akaambiwa pole sana. Asubuhi moja hakuamka.

Hapo nguchiro wote wakaja, na kwa kuwa kwao ni aibu kwenda msibani mikono mitupu, walileta panzi, mayai, hata nyoka mzima, mpaka mlango wa shimo lake ukajaa. Kisha wakaangua kilio.

Sengo hakusikia kilio. Aliona chakula. Akachagua panzi mnono kuliko wote, akamweka mdomoni mwa mama yake, akamgusa mgongoni, akangoja.

"Maskini, haelewi," alisema Bi Tindo.

Siku hiyo waliondoka mapema, kila mmoja akihofia kuulizwa nani atabaki naye kesho.