Jina la Aliyewavusha

Bibi Fransiska alikuwa amelikalia jiwe lenyewe la kumbukumbu. Fundi alikuwa amesimama na patasi mkononi tangu asubuhi, na hakuna aliyethubutu kumwinua mama wa miaka tisini.

"Shikamoo bibi," Mwalimu Herieth alisema mara ya tatu. "Tupishe tuchonge."

"Marahaba. Nisomee kwanza mlichoandika."

Herieth akasoma. Kisiwa chao kule Ziwa Rukwa kilikuwa na mtawala wake, Mwene, hakikuwa chini ya mtu. Mwene alikuwa shujaa, mwenye bunduki kumi. Wajerumani walikizunguka miezi mitatu, wakashindwa na matope na mamba. Kisha alfajiri moja wakatokea, maji yamewafika magotini tu. Mtu alikuwa amewaonyesha njia ya kupita kwa miguu. Wakamshika Mwene kidole, wakakigandamiza kwenye karatasi, na kisiwa kikawa chao. Watu wakahamishiwa huku Ilemba.

"Eti mtu," alisema Bibi Fransiska. "Huyo mtu hana jina?"

Watu wakamgeukia mzee Yonas. Babu yake ndiye aliyekuwa mlinzi wa njia ile, na mpaka leo pombe ya ulezi huwafikia watu wa ukoo wake mwisho, ikiwa machicha.

"Dada, kwa umri huu bado unanitafuta mimi?" Yonas aliuliza. "Babu alikufa pale pale njiani, mkuki mkononi."

"Nimekutaja? Ngoja uitwe."

Mmoja akacheka. Yonas akainamisha uso.

"Bibi, wajukuu wa msaliti wapo hapa hapa," Herieth alinong'ona. "Wataishije?"

"Waishi wakitazamwa. Nimelingoja hili tangu niko darasa la pili, sitakufa nalo rohoni. Na hizo bunduki, Mwene alizinunua kwa kitu gani?"

"Kwa pembe za ndovu, bibi."

"Na kwa watoto. Bunduki moja, mtoto mmoja, wenye msafara wa watumwa wakaondoka naye. Wa kwanza alimtoa nyumbani kwake mwenyewe, kwa mke mdogo. Mama mtu akaambiwa asilie."



"Sawa, lakini njia waliijua walinzi tu," alisema fundi.

"Na wanawake waliokuwa wakikata matete kule majini kila siku. Ila nani awaulize wanawake."

Fundi akainamia jiwe. "Basi taja, bibi. Niandike nani?"

Bibi Fransiska akainuka taratibu, akampisha.

"Andika Kristiana, ndivyo alivyobatizwa uzeeni. Mke mdogo wa Mwene, mama yake mama yangu. Aliniapisha nikae kimya mpaka siku mtakapomchonga mumewe kama shujaa, halafu nihakikishe jina lake yeye linakaa juu ya la mume."