Mbio za Mama Nyati

Enzi zile fisi walipokuwa wakiwinda mchana kweupe, Nyati mmoja mnene alimpoteza ndama wake. Alimsikia akilia nyuma ya kichuguu cha tatu kutoka pale alipokuwa akila majani, akaenda kwa mwendo wake wa siku zote, akakuta damu tu.

Kesho yake alianza kujifunza kukimbia. Hakufika hata kichuguu cha kwanza. Mbavu zilimbana, akakohoa hadi akapiga magoti.

Kongoni, jirani yake mwenye mbio kuliko wote mbugani, alicheka. "Dada, hizo ni mbio au unatembea kwa hasira? Na mtoto ameshaliwa. Unamkimbilia nani?"

"Sijui," alisema Nyati, akainuka.

Pumzi ilipomwishia alitembea. Iliporudi alikimbia tena. Kichuguu cha kwanza kilimchukua siku tisa. Cha pili, mwezi mzima. Kila asubuhi Kongoni alitazama na kucheka, mpaka akachoka kucheka.

Mchana mmoja Kongoni alikwenda mtoni kunywa maji. Mara kilio cha ndama kikasikika nyuma ya kichuguu cha tatu. Nyati hakuuliza ni wa nani. Alikimbia, akakipita cha kwanza, akakipita cha pili, akawavamia fisi kwa pembe mpaka wakatawanyika.

Kongoni alifika akitweta, akamkuta mwanawe amesimama katikati ya miguu ya Nyati.

"Dada," alisema, "mimi ningechelewa."

"Najua," alijibu Nyati, akaendelea kumlamba yule ndama asiye wake.