Mbege ya Elifuraha

Marangu nzima hakuna kijana asiye na wivu kama mimi. Tatizo ni hii chachu ya siku hizi: mtu akinywa pombe yako, anahisi ulichokuwa unahisi ulipoipika.

Mbege ya jirani yangu Elifuraha inawafanya watu waimbe. Mimi nilisugua pipa mpaka likang'aa, nikapepeta ulezi, nikachemsha ndizi huku nikitabasamu kama mgombea ubunge. Mchumba wangu Aikaruwa akaonja, akasema, "Sijui kwa nini natamani kumzaba kofi Elifuraha."

Basi Jumapili, Elifuraha akiwa kanisani, nikachota mbege yake nikaimimina kwenye pipa langu tupu. Aikaruwa alipofika nikajifanya kuonja kwanza, kama mila inavyomtaka mpishi, lakini cha Elifuraha hakipiti kooni kwangu. Nikampa kata.

Alikunywa. Akanywa tena, macho yakamlainika.

"Hii hukupika wewe."

"Nani mwingine, mpenzi?"

"Wewe hujawahi kuniwaza hivi." Akaninyooshea kata nimwongeze. "Kumbe Elifuraha ananipenda. Tangu lini?"