Namba ya Kwenye Chupa

Delbert Stroud aliibamiza chupa ya dawa juu ya kaunta hadi vidonge vikaruka ndani yake.

"Ziondoe hizi takataka kwenye rafu, Bi Nadine. Zote. Leo hii."

Nadine, mwenye duka, hakuacha kutafuna chingamu. "Salamu kwanza, Delbert. Rhonda hajambo?"

"Rhonda yuko hospitali, ana bomba kooni. Alianza kujikuna, midomo ikavimba, ulimi ukajaa mdomo mzima. Nimeendesha gari mpaka mjini huku namsikia mke wangu akivuta pumzi kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliobanwa. Tunafika, simsikii tena."

Taya za Nadine zikatulia. "Pole jamani. Lakini lile jino lake lilishaoza. Huenda ni sumu ya jino."

"Ni dawa! Daktari amesema ni dawa. Na wewe ndiye uliyeniambia ni kitu kilekile wanachotoa hospitali, kidonge asubuhi, kidonge jioni, nisiwe na wasiwasi."

"Mimi nauza tu. Chupa imejieleza. Si ulisoma?"

"Nilisoma. Na wewe ulisoma. Nusu ya watu wa milima hii tumesoma, tukameza."

Nyuma ya Delbert alisimama jirani yao, Virgil Tackett, kaegemea fimbo, mkononi ana chupa kama ileile.

"Mzee Virgil, irudishe hiyo."

"Niirudishe nikatibiwe wapi, kijana? Mguu unanuka mpaka mbwa ananikimbia. Bima sina. Hii nimeimeza miaka yote na sijafa."

"Rhonda naye aliwahi kuimeza. Mara ya kwanza haikumfanya kitu."

"Basi haikumkubali tu. Ingekuwa mbaya hivyo tungeshasikia."

"Tusikie kwa nani?" Delbert alipaza sauti hadi mshipa wa shingo ukamtoka. "Nani aliwahi kufungua mdomo? Shemeji yako, Bi Nadine, alipovimba uso mwaka jana, mlisema kaumwa na nyigu. Nyigu gani wa Januari, na theluji yote ile?"

Nadine akatazama dirishani.

Nesi mmoja ndiye aliyemfumbua macho Delbert kule hospitali. Mtu yeyote, alimwambia, anaweza kutoa taarifa ya dawa iliyomdhuru. Si lazima awe daktari. Watu wakinyamaza, kila mmoja hudhani ni bahati mbaya yake peke yake. Wakisema, dawa huchunguzwa, huwekewa onyo, pengine huondolewa kabisa madukani. Delbert alikaa kwenye benchi la hospitali na maneno hayo mpaka yakamchemka kifuani, kisha akaingia garini.

"Hapa kuna namba ya wenyewe walioitengeneza," alisema, akigeuza chupa. "Nawapigia sasa hivi. Nanyi mtasikia."

"Piga," alisema Virgil. "Wakisema ina ubaya, naiacha hapahapa. Wasiposema, usinizuie tena."

"Sawa."

Delbert akaweka simu juu ya kaunta, sauti ya juu. Ikaita. Akapokea dada mmoja mchangamfu.

"Asante kwa kutupigia! Nikusaidie nini leo?"

"Dawa yenu nusura imuue mke wangu. Bado hajafumbua macho. Nataka mliandike hilo. Nataka muweke onyo kwenye chupa, kubwa, hata mzee asiye na miwani alione. Hapa nilipo kuna mtu anataka kuinunua."

Uchangamfu ukamtoka yule dada.

"Ameimeza mke wako?"

"Ndiyo, mke wangu! Anaitwa Rhonda. Andika."

"Pole sana, bwana. Kwa kweli pole sana. Lakini hii ni dawa ya samaki wa kufugwa kwenye tangi, na mimi nimeruhusiwa kuandika madhara yaliyowapata samaki tu." Akakohoa. "Kuna samaki yeyote aliyedhurika?"

Delbert akaitazama chupa.

"Hakuna," alisema.

"Basi kwa upande wetu dawa haina tatizo. Uwe na siku njema."

Virgil akatoa pochi.