Kamba Kwenye Picha ya Kwanza

Unageuza uso tena. Asubuhi pia uliugeuza, duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, lilipotitia na mwenye duara akatangaza kwamba wachimbaji wote wametoka.

Mbuke hakuugeuza. Alikuwa pale na kamera ya darasa, akirekodi picha ya kwanza ya filamu ambayo mwalimu alimwagiza aipange. Sasa tunaitazama ukumbini Nyasubi: mdomo wa duara uliofukiwa, na kamba inayotokeza kwenye udongo.

“Ufunguzi gani huu, Mbuke?” mwalimu anacheka. “Hakuna hata kuku anayepita! Kata hapa.”

“Mwalimu, rudisha nyuma kidogo. Itazameni kamba.”

Kamba inatikisika.

“Upepo huo, dada,” anasema mmoja wa nyuma.

“Upepo gani? Moshi wa mama ntilie si huo umesimama wima?”

Kamba inavutwa mara mbili, inatulia, inavutwa tena mara mbili. Kila aliyelelewa machimboni anaijua ishara hiyo: nitoeni.

Mwalimu hacheki tena. Kwenye skrini kamba bado inavutwa kutoka chini, taratibu zaidi.

Na wewe bado umekalia kiti? Shika sepetu, panda lori, tukamfukue angali anapumua!